Mbio Zisizopepeta Watu

Hapa Ubaruku hakuna asiyejua kazi ya ungo. Mpunga ukishatwangwa unapepetwa: pumba zinaruka na upepo, chenga zinatengwa pembeni, mchele mzima unabaki. Siku hizi mashine zinafanya yote hayo zenyewe. Mchele unatokea huku, chenga kule, na pumba zinamwagwa nyuma ya banda ambako wachoma matofali wanazisubiri. Hiyo ndiyo biashara iliyotulea sisi watoto wa bonde la Usangu, na siwezi kuisema vibaya.

Lakini binadamu si mpunga, jamani. Hebu angalia maisha ya kijana yanavyokwenda. Mtihani wa darasa la saba ni ungo. Kidato cha pili ungo, kidato cha nne ungo, na usaili wa kazi ndiyo usiseme. Hata michezo ya shule ni hivyo hivyo. Kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA anayeshika nafasi za mbele anakwenda wilaya, halafu mkoa, halafu taifa. Wengine wanarudi kukaa kwenye majani kupiga makofi. Na ukishamaliza shule, hata kama ulikuwa unakimbia kama swala, ndiyo basi tena. Viatu anarithi mdogo wako, wewe unahamia kijiweni.

Ndiyo maana nimevutiwa na mbio za aina nyingine, zile ambazo mzee yumo, mama mnene yumo, mtu wa kiti cha magurudumu yumo, mtoto yumo, na wa mwisho anapokelewa kwa vigelegele kama wa kwanza. Watu wanakwenda mara moja, halafu mara ya pili wanarudi wenyewe, tena wamemleta na jirani. Kwa nini wanarudi? Fedha hawapewi, na mara nyingi wanalipa wao. Ushindi hawapati, na wanajua tangu nyumbani kwao kwamba hawataupata. Jibu nimelitafuta katika historia yetu wenyewe, kwa sababu naamini jambo hili si geni hapa kama tunavyodhani.

Fimbo na wimbo

Zamani kukimbia hakukuwa starehe. Wakati wa Mjerumani, kabla barabara na magari hayajaenea, barua zilisafirishwa na matarishi kwa miguu, kutoka boma hadi boma, mvua isimame au inyeshe. Mtu wa namna hiyo usingemwambia kwamba iko siku watu watalipa ili wakimbie. Angekucheka.

Baada ya Uhuru tulianza kukimbia kwa pamoja, lakini bado kwa amri. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Serikali ilipotaka wasomi nao walitumikie kwa lazima, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Oktoba 1966, na karibu 400 walifukuzwa. Utaratibu ule ukaendelea hata hivyo. Ulisitishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013. Kila aliyepita JKT ana hadithi yake ya kuamshwa alfajiri na kukimbia huku akiimba. Ukimsikiliza vizuri utagundua kitu cha ajabu: analalamikia jembe, analalamikia chakula, analalamikia afande, lakini nyimbo anazikumbuka zote, na akianza kukusimulia ataziimba.

Na sisi ambao hatukupita huko tulipitia mchakamchaka shuleni. Hakuna Mtanzania anayehitaji kuelezwa. Asubuhi na mapema, ubaridi bado uko, mnapangwa mistari, kiongozi anatoa wimbo na wengine mnaitikia, vumbi linatimka. Pembeni yuko mwalimu wa zamu na fimbo yake. Wengi tuliuchukia, we acha tu. Lakini ndugu msomaji, hebu jiulize jambo moja: ulishawahi kusikia mtu ameshika nafasi ya kwanza katika mchakamchaka? Haipo. Mwendo wa mchakamchaka haupangwi na mwenye mbio, unapangwa na wimbo. Mwenye miguu mirefu anajizuia ili asiupite wimbo, na mwenye miguu mifupi anajikaza ili asiachwe nao. Mnaondoka pamoja, mnarudi pamoja.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waligusa jambo la karibu na hili mwaka 2009. Waliwachukua wanamichezo wa kupiga makasia, wakawafanyisha mazoezi yale yale, mara peke yao na mara kwa pamoja kwa mwendo mmoja. Walipofanya pamoja, uwezo wao wa kuvumilia maumivu ulikuwa mkubwa kuliko walipofanya peke yao. Kazi ilikuwa ile ile na jasho lile lile, ila mwili uliona nafuu kwa sababu kuna mwenzako. Sisi tulikwisha kulijua hilo bila maabara. Muulize mama yeyote aliyepandikiza mpunga majini tangu alfajiri kama ni sawa kuwa peke yake shambani na kuwa mstari mmoja na wenzake kumi wanaopiga soga.

Kupokea ni kazi pia

Mbio nyingine tulizokua nazo ni za Mwenge. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge wa uhuru kwenye kilele cha Kilimanjaro. Tangu mwaka 1964 Mwenge unazungushwa nchini, wilaya hadi wilaya. Watu wana maoni yao kuhusu Mwenge, wapo wanaoupenda na wapo wanaonung'unikia michango, na sitaki kuingilia ugomvi huo. Ninachotaka tukione ni mpangilio wake. Tunaita mbio, lakini hakuna anayeshindana. Sehemu kubwa ya safari Mwenge unakwenda kwa gari. Watu wanaacha shughuli, wanapanga foleni barabarani, wanaimba na kukesha kwa ajili ya jambo moja tu: kuupokea na kuukabidhi kwa wengine.

Hapo tulifundishwa, pengine bila kujua, kwamba katika mbio anayepokea naye ni mshiriki. Mwalimu Nyerere mwenyewe Oktoba 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Hakuwa anashindana na mtu. Watu walitoka vijijini wakamlaki njiani, na hiyo ndiyo ilikuwa maana ya safari.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 20 Oktoba 1968, Mtanzania mwingine alilifundisha somo hili dunia nzima. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alikuwa katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico. Njiani alianguka, akaumia goti vibaya na bega. Wengine zaidi ya 15 waliacha mbio siku ile, na hakuna ambaye angemlaumu naye angeacha. Akafungwa bandeji, akaendelea, mara anakimbia mara anachechemea. Alipoingia uwanjani giza lilikuwa limeingia, medali zimekwisha kutolewa, na watazamaji wengi wameondoka. Wachache waliobaki walisimama wakamshangilia mpaka mwisho. Alikuwa wa 57, wa mwisho kabisa, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Wala asije mtu akadhani Akhwari alikuwa mkimbiaji dhaifu. Miaka 2 baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikuwa wa 5. Lakini dunia haimkumbuki kwa nafasi ile ya 5, inamkumbuka kwa ile ya 57. Sisi tunaotamani kuandika riwaya tuna la kujifunza hapo. Mshindi wa siku ile alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, mkimbiaji hodari sana. Waulize vijana 10 kijiweni, wangapi wanalijua jina lake?

Wakati tulipokuwa watazamaji

Halafu ikaja enzi ya mabingwa. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, akaongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe. Mwaka uliofuata akavunja na ya maili. Gidamis Shahanga alichukua dhahabu ya marathoni Edmonton mwaka 1978. Moscow 1980 Bayi na Suleiman Nyambui walirudi na medali za fedha, kila mmoja ya kwake. Juma Ikangaa akashinda New York mwaka 1989. Si mchezo! Majina hayo yalitufanya tutembee kifua mbele. Na hata juzi juzi, Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia, ya kwanza kwa Tanzania, kwa tofauti ndogo mno hata ikabidi waamuzi waangalie picha, nani hakupiga kelele?

Kwa hiyo siukatai ungo. Bila ungo hakuna Bayi wala Simbu. Ninachosema ni kwamba kwa miaka mingi, mtu mzima wa kawaida hakuwa na mbio za kwake. Alikuwa na redio. Akimaliza shule, kazi yake ikawa kusikiliza jinsi wengine wanavyokimbia. Mwanamke ukimwona anakimbia barabarani, uliuliza kuna msiba gani.

Na tusidhani wenzetu wa ng'ambo walianza zamani sana. Marathoni ya Boston, ambayo ni ya tangu mwaka 1897, haikuwaruhusu wanawake rasmi mpaka mwaka 1972. Mwaka 1967 Kathrine Switzer alikimbia akiwa na namba kifuani, na msimamizi mmoja akamrukia katikati ya barabara akitaka kumnyang'anya. Mwaka 1975 Bob Hall aliomba kushiriki kwa kiti cha magurudumu. Akaambiwa atapewa cheti iwapo atamaliza ndani ya muda aliowekewa. Akamaliza kwa saa 2 na dakika 58. Olimpiki nayo haikuwa na marathoni ya wanawake mpaka mwaka 1984. Mlango wa mbio ulifunguliwa kwa kusukumwa, na waliousukuma ni wale waliokuwa wameachwa nje.

Mlango unafunguliwa

Kwetu mlango huo umefunguka kwa njia mbili. Ya kwanza ni mbio kubwa za mwaka. Kilimanjaro Marathon ilianza mwaka 2003 pale Moshi. Ipo marathoni kamili, ipo nusu yake, na zipo kilomita 5 za kujifurahisha. Katika miaka ya 2010 zilikuwepo pia kilomita 10 za watu wenye ulemavu, kwa viti na baiskeli za mikono. Bingwa anayetafuta fedha na bibi anayetembea na wajukuu wanaishia uwanja mmoja, ule wa Ushirika. Baada yake zimezaliwa nyingine nyingi. Mkoani kwetu ipo Mbeya Tulia Marathon ya pale Uwanja wa Sokoine, na fedha zake zinaelekezwa kwenye mambo ya elimu na afya.

Njia ya pili haina matangazo, nayo ndiyo ninayoipenda zaidi. Ni vikundi vya jogging. Nenda Dar es Salaam Jumapili asubuhi, Temeke au Kinondoni, utawasikia kabla hujawaona: filimbi, nyimbo, vishindo vya miguu. Makondakta, mama lishe, makarani, mafundi, wastaafu, wote na fulana za rangi moja, wameteka nusu ya barabara. Kikundi kinaalika kikundi. Wakimaliza kukimbia wanakunywa chai, wanapanga michango. Mwenzao akifiwa wanakwenda, akiuguliwa wanakwenda. Ni kufa na kuzikana. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa nchi nzima. Lakini watu wa jogging walikuwa wameshatangulia bila kuhimizwa na mtu.

Sasa angalia jambo hili. Wale watu wazima wa Temeke wanaoimba na kukimbia mistari miwili miwili ni wale wale waliouchukia mchakamchaka walipokuwa watoto. Kimebadilika nini? Fimbo imeondoka, wimbo umebaki. Mimi naona jibu letu liko hapo hapo. Watu hawakuwa wanachukia kukimbia. Walichukia kuswagwa kama ng'ombe, na baadaye wakachukia kupepetwa. Viondoe hivyo viwili, uone kama hawatakuja.

Uingereza nako limetokea jambo kama hilo. Oktoba 2004, katika bustani ya Bushy Park nje kidogo ya katikati ya London, Paul Sinton-Hewitt aliwaita rafiki zake kukimbia kilomita 5. Walijitokeza wakimbiaji 13. Leo mkusanyiko huo, uitwao parkrun, unafanyika kila Jumamosi katika nchi zaidi ya 20, Afrika Kusini ikiwemo. Kiingilio hakuna. Wanaosimamia ni watu wa kujitolea, na mkimbiaji wa wiki hii wiki ijayo anaweza kuwa ndiye anayeshika saa. Tena wanaye mtu maalumu ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya watu wote, ili mgeni mwenye wasiwasi asiwe wa mwisho kamwe. Mtu mmoja amejitolea kubeba aibu ya wote, na kwa kufanya hivyo aibu yenyewe imekwisha.

Ungo unarudi kwa mlango wa nyuma

Basi tukusanye tulichokiona. Mtu anarudi kwenye mbio za namna hii kwa sababu pale halinganishwi na mwingine ili atupwe. Anarudi kwa sababu mwendo ni wa pamoja, na mwili wake unaona nafuu. Anarudi kwa sababu kuna anayempokea, na asipoonekana wiki mbili kuna atakayeuliza: fulani yuko wapi, anaumwa? Kijana aliyemaliza kidato cha nne, hana kazi, hajui kesho itakuwaje, hakuna ofisi inayomuuliza swali hilo. Kwake kuulizwa tu yuko wapi ni jambo kubwa kuliko medali.

Lakini tahadhari. Mbio hizi kubwa za mjini zimeanza kuwa na ungo wao, unaopepeta watu kabla hawajafika kwenye mstari. Kiingilio na fulana vinakwenda makumi ya elfu ya shilingi. Kwa kibarua wa mashamba ya Mbarali hizo ni siku kadhaa za kuinama kwenye tope. Ongeza nauli, maana kutoka hapa hadi Mbeya mjini ni zaidi ya kilomita 100, na malazi, kwa kuwa mbio zinaanza asubuhi sana. Viatu sijavitaja. Mwisho wake wanaoitwa wananchi wote ni wananchi wenye nafasi. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mbio za watu wote zikiwa za wenye fedha peke yao, ukingo wake hauko mbali.

Upo pia ungo wa saa. Ukisema tukutane alfajiri, umeshamtoa mama mwenye ndoo kichwani na msichana anayefagia uwanja kabla ya kwenda shambani. Upo ungo wa njia: ukichagua barabara ya mawe na mashimo, umeshamtoa mwenye kiti cha magurudumu na asiyeona vizuri. Hakuna aliyewaambia wasije. Hawakukumbukwa tu, na kutokumbukwa kunauma kama kufukuzwa.

Hapa kwetu tunavyo vitu ambavyo wa mjini wanavinunua. Tuna nchi tambarare. Tuna njia kandokando ya mifereji, ambazo mavuno yakishapita hazina shughuli nyingi zaidi ya baiskeli na ng'ombe. Tuna vijana waliomaliza shule, hao hatuna upungufu. Na nyimbo kila mmoja anazo kichwani tangu darasa la kwanza. Fulana si lazima zifanane, na asiye na viatu akimbie na kandambili au peku kama tulivyofanya wote. Saa iwe ya jioni, jua likipungua makali, ndoo zikiwa zimeshajaa. Awepo mmoja wa kutangulia na wimbo. Na awepo mmoja, ikiwezekana yule mwenye mbio kuliko wote, wa kutembea nyuma kabisa na yule ambaye leo ndiyo siku yake ya kwanza.